Istihadha, Haya, na Afya Zetu Wanawake



Hapana mwanamke wa Kiislamu aliyelelewa katika pwani yetu hii asiyejua kuhesabu siku zake. Binti anapovunja ungo, hufundishwa na bibi yake au somo yake kuwa damu ina hukumu zake. Akisoma Safina katika madrasa, hujua kwamba hedhi haipungui mchana mmoja na usiku wake, wala haizidi siku 15. Na kwamba nifasi aghalabu ni siku 40, na mwisho wake ni siku 60. Damu inayovuka mipaka hiyo huitwa istihadha, nayo haimwondolei mwanamke wajibu wa sala wala wa saumu.

Mimi ni mwalimu wa darsa ya wanawake hapa Kariakoo. Kwa miaka mingi tumekuwa tukikutana kila Alhamisi baada ya Alasiri, katika sebule ya nyumba moja isiyo mbali na Mtaa wa Msimbazi. Huja wanawake ishirini au thelathini: wauza vitambaa, mama lishe, wake wa nyumbani, wajane, na mabinti waliokwisha kuolewa. Katika milango yote ya fiqhi tunayoisoma, hapana mlango unaoulizwa maswali mengi kama mlango wa damu za wanawake. Bibi ambaye hakufungua kinywa siku tuliyosoma zaka, siku hiyo atauliza mara tatu.

Naandika makala hii kwa sababu nimeona kwamba elimu hiyo, ambayo ni tukufu na twaishukuru, imekaa peke yake katika nyumba zetu. Wako wanawake waijuao damu kwa siku na saa, walakini hawajui kuwa yaweza kuwa dalili ya ugonjwa. Na katika nyumba hizo hizo wako watoto wetu wasomao uuguzi na udaktari, waujuao ugonjwa kwa jina lake na sababu zake, lakini hawajui namna ya kuuzungumza mbele ya mama zao. Na wengine, kama nitakavyoeleza, hata wao wenyewe hawaendi kupimwa. Elimu hizi mbili zalala chini ya paa moja wala hazisemezani, na wanawake wanakufa kwa maradhi ambayo yangaliweza kuzuiwa.

Nitatoa mfano ulio karibu nami. Wifi yangu, dada wa mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akiuza khanga na vitenge katika Mtaa wa Congo. Alikuwa na umri wa miaka 53, na hedhi yake ilikuwa imekoma yapata miaka mitatu. Siku moja akaona damu. Kwa kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi hapana umri uliowekwa kuwa ndio mwisho wa hedhi, alidhani siku zake zimerudi, akaacha kusali, hata akawatania wenzake sokoni kuwa ujana umemrudia. Damu ilipopita siku 15 akajua kuwa ni istihadha. Tangu hapo alifanya yote yaliyomlazimu kama alivyofundishwa: alioga, akajifunga kitambaa safi, na kila wakati wa faradhi ulipoingia alitawadha upya akasali. Alikwenda hivyo miezi minane. Hakuniuliza mimi wala mtu mwingine, kwani swali la sala alikuwa akijua jibu lake, na swali jingine halikumjia.

Nilikuja kulijua jambo hili siku aliponitembelea akilalamika maumivu ya kiuno na uchovu. Uso wake ulikuwa umepauka, nikamwuliza habari ya damu, akanieleza. Siku ya pili yake tulikwenda hospitali. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye upole. Alipokwisha kumpima alituandikia barua kwenda Ocean Road, katika jengo lile la enzi za Wajerumani kando ya bahari, ambalo tangu mwaka 1996 ni taasisi ya taifa ya saratani. Huko tuliambiwa kuwa ni saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba imekwisha kutoka pale ilipoanzia. Alitibiwa kwa mionzi, na wauguzi walimtunza kwa huruma. Walakini ugonjwa ulikuwa umetangulia, na mwaka haukutimia kabla hatujampeleka kaburini.

Katika siku zake za mwisho aliniambia, "Wifi, mimi nilidhani nimekwisha kufanya yote yanipasayo."

Nashuhudia kwamba katika ibada yake hakukosea. Sheria ya istihadha humfundisha mwanamke namna ya kukutana na Mola wake hali damu ikimtoka. Haikumwambia kamwe kuwa damu hiyo haina haja ya dawa. Fatima binti Abi Hubaish alipomwendea Mtume (s.a.w.) kumweleza kuwa damu yake haikatiki, alielezwa kuwa hiyo yatoka katika mshipa, wala si hedhi. Na wanazuoni wetu katika vitabu vyao huiita damu ya ugonjwa. Basi ikiwa kitabu chenyewe kimeiita ugonjwa, na Mtume wetu ametuamrisha kujitibu, je, ni nani aliyetufundisha kuishia kwenye udhu?

Yafaa sasa tuujue ugonjwa wenyewe. Nchini Tanzania hapana saratani inayowashika wanawake wengi, wala inayowaua wengi, kama hii ya mlango wa kizazi. Kwa makadirio ya mwaka 2022, wanawake zaidi ya 10,000 huipata kila mwaka katika nchi yetu, na zaidi ya 6,000 hufa kwayo. Katika dunia nzima mwaka huo walikadiriwa kuwa wagonjwa wapya wapatao 660,000 na vifo vipatavyo 350,000, na vilivyo vingi vilitokea katika nchi zisizo na mali nyingi. Katika nchi za matajiri ugonjwa huu umepungua sana, na sababu kubwa ni kuwa wanawake wa huko hupimwa wakiwa bado wazima.

Chanzo chake ni kirusi kiitwacho HPV. Bingwa wa Kijerumani, Harald zur Hausen, ndiye aliyebainisha uhusiano wa kirusi hiki na saratani hii katika miaka ya 1980, na kwa kazi hiyo akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kirusi hiki kina aina nyingi, na aina mbili kati yake, zinazoitwa kwa nambari 16 na 18, ndizo zinazosababisha kiasi cha asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Huambukizwa kwa tendo la ndoa, na watu walio wengi hukipata wakati fulani wa maisha yao bila kujua. Mara nyingi mwili hukishinda wenyewe. Lakini kwa baadhi ya wanawake hubakia, na kidogo kidogo hubadilisha ngozi laini ya mlango wa kizazi. Tangu maambukizo hayo mpaka saratani hupita miaka 15 hata 20 kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, na miaka 5 hata 10 kwa mwenye kinga dhaifu, kama aishiye na virusi vya Ukimwi bila kutibiwa.

Ndugu zangu, lizingatieni jambo hili, kwani ndilo linalowapoteza wengi. Katika miaka yote hiyo mwanamke haumwi. Haoni damu, hapati harufu, hapungui mwili. Huo ndio wakati ambao ugonjwa waweza kuondolewa kwa dakika chache. Damu huja baadaye, na maumivu huja nyuma ya damu. Kwa hiyo anayengoja kuumwa ndipo aende hospitali, ameuachia ugonjwa nafasi ya miaka mingi.

Baada ya msiba ule nilimwalika darsani binti wa dada yangu. Ana umri wa miaka 36, ni mama wa watoto watatu, na baada ya kufanya kazi ya uhudumu wa hospitali kwa muda mrefu amerudi kusoma uuguzi katika chuo kimoja cha hapa mjini. Alisimama mbele ya wanawake akaeleza vizuri, kwa Kiswahili safi, hata wale wasiojua kusoma walifahamu. Alipokwisha, bibi mmoja muuza mandazi, mkubwa kuliko sisi sote, akamwuliza, "Na wewe mwanangu, ulipopimwa uliambiwaje?"

Binti akainamisha macho. "Bibi, mimi bado sijapimwa."

Hapana aliyemcheka. Yule bibi akasema, "Basi tutakwenda pamoja."

Jioni ile tulipokuwa tukirudi nyumbani nilimwuliza sababu. Akanijibu, "Mama mdogo, watakaonipima ni wenzangu. Kesho nitakaa nao meza moja kula chakula. Na tena mimi nimekwisha kuona wagonjwa wengi. Naogopa kuambiwa ninachokijua."

Nilifikiri sana juu ya maneno yake, nikaona kuwa hayuko peke yake. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wauguzi wa hospitali moja ya mkoa katika nchi yetu. Ilionekana kuwa chini ya nusu yao ndio waliokuwa na elimu ya kutosha juu ya chanzo cha ugonjwa huu, na walio wengi sana walikuwa hawajapata kupimwa hata mara moja. Hawa ni watu wanaofanya kazi ndani ya hospitali, na chumba cha kupimia si mbali nao. Basi tusidhani kwamba mwanamke wa sokoni haendi kwa ujinga tu. Msomi na asiyesoma wamefungwa na kamba moja, nayo ni haya iliyochanganyika na hofu.

Na haya, ndugu zangu, ni pambo la Mwislamu, wala mimi sikuja kuivunja. Tumefundishwa kuwa ni sehemu ya imani. Lakini tuwatazame wale waliokuwa na haya kuliko sisi. Ummu Sulaim, mama yake Anas bin Malik, alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwuliza waziwazi juu ya janaba ya mwanamke aliyeota usingizini, na wala hakuona kuwa haya yamzuia kuijua haki. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, aliwasifu wanawake wa Ansari kwa jambo hilo hilo. Na Rufaida wa kabila la Aslam alikuwa na hema yake ya kutibu majeruhi, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika Vita vya Handaki alipelekwa kutunzwa huko. Wale walikuwa wake wema wa umma huu. Haya yao iliwalinda na maasi, na haikuwazuia kuuliza wala kutibu wala kutibiwa.

Ama hukumu ya kufunua utupu kwa ajili ya matibabu, wanazuoni wameieleza tangu zamani: yajuzu kwa haja, na kwa kadiri ya haja. Mwanamke apimwe na mwanamke. Asipopatikana, basi mwanamume mwaminifu, naye mgonjwa awe na mahramu wake au mwanamke amwaminiye karibu naye. Katika mji wetu wa Dar es Salaam kazi hii mara nyingi hufanywa na wauguzi na wakunga wa kike, na mwanamke aweza kusema tangu mlangoni kuwa ataka mwanamke mwenzake. Kusema hivyo si kumdharau mtu.

Kuna haya ya namna nyingine ambayo haisemwi kwa sauti. Mwanamke akisikia kuwa kirusi hiki huja kwa tendo la ndoa, huogopa kuwa akionekana nacho atadhaniwa kuwa ni mzinifu. Dhana hiyo ni dhulma. Mke aliyeolewa bikira, asiyemjua mwanamume mwingine ila mumewe, aweza kukipata; na mumewe naye aweza kuwa alikipata katika ndoa yake ya kwanza, iliyokwisha kwa talaka au kwa mauti, kikakaa kimya miaka na miaka. Kirusi hiki hakina tarehe, wala majibu ya kipimo hayawezi kuwa ushahidi juu ya mwenendo wa mtu. Wala haifai kwa Mwislamu kumtuhumu mkewe, wala mke kumtuhumu mumewe, kwa jambo ambalo daktari mwenyewe hawezi kusema lilianza lini.

Yatupasa pia tuseme neno juu ya dawa za sokoni. Kariakoo yetu ina kila kitu. Ukipita katika vichochoro vyake utauziwa habba soda, mizizi, magome, mafuta, na shabu ambayo baadhi ya wanawake huitumia kujikausha. Habba soda imesifiwa katika hadithi za Mtume wetu, nami nyumbani kwangu haikosekani. Lakini Mtume huyo huyo, kama ilivyopokewa, alimwelekeza Saad bin Abi Waqqas alipougua aende kwa Harith bin Kalada, tabibu wa kabila la Thaqif, kwa kuwa ni mtu aliyeijua kazi hiyo. Hakuna mgongano kati ya mambo haya mawili. Wifi yangu alikunywa habba soda kila asubuhi katika miezi ile minane, na kitu kilichohitajiwa kilikuwa ni jicho la mjuzi. Na hizo dawa za kujikaushia ni hatari zaidi, kwa sababu huchubua ngozi laini ya ndani, na tena huweza kuficha majimaji ambayo yangalikuwa onyo.

Sasa nieleze namna kipimo kilivyo, kwani kitu kisichojulikana huogopwa kuliko kinavyostahili. Ulikuwa mwezi wa Shaaban, na tuliafikiana kwenda kabla Ramadhani haijaingia. Sababu ni kwamba kwa wanazuoni wetu wa Kishafi kitu kinachoingizwa katika utupu hubatilisha saumu, hivyo ni bora mwanamke asipange kupimwa mchana wa mfungo. Vilevile huchagua siku ambazo hayumo katika hedhi. Tulikwenda wanawake 11 katika kituo kimoja cha serikali, na binti wa dada yangu alikuwamo, kwa kuwa tulichagua mahali ambapo hapana aliyemjua. Nami nilikuwamo, na nilitangulia kuingia.

Mlikuwa na pazia, kitanda, na mkunga mtu mzima aliyejitanda mtandio. Alinieleza kila jambo kabla hajalifanya. Huingiza kifaa kidogo cha kufungulia njia, ndipo aweze kuuona mlango wa kizazi. Halafu hupaka kwa pamba maji ya asidi hafifu, ambayo kwa hakika ni ndugu ya siki tunayotilia achari. Hungoja dakika moja, kisha hutazama. Mahali penye chembe zilizoanza kuharibika hugeuka peupe. Pazima hubaki na rangi yake. Hapana kukatwa wala sindano. Mtu huhisi kubanwa kidogo, na kwa wengine mwasho mdogo, kisha huinuka. Mambo yote hayakutimia dakika kumi, na kwa kupimwa hatukudaiwa malipo.

Katika sisi 11, kumi walikutwa salama, wakaambiwa warudi baada ya miaka mitatu. Mmoja, mama wa miaka 41 ambaye hakupata kuona damu ya ajabu wala kuumwa hata siku moja, alionekana na doa jeupe. Akaelezwa, akakubali, na siku ile ile akatibiwa kwa kifaa cha joto kinachochoma pale palipoharibika. Alirudi nyumbani kwa miguu yake. Aliagizwa ajitenge na mumewe kwa wiki kadhaa mpaka kidonda kipone, na arudi kuangaliwa kwa wakati aliopangiwa. Leo yuko sokoni akiuza nazi zake. Nikimwona humkumbuka wifi yangu, kwani naye huenda miaka kumi nyuma alikuwa na doa kama lile.

Serikali yetu imewataka wanawake wenye umri wa miaka 30 hata 50 wapimwe, na waishio na virusi vya Ukimwi wapimwe mapema zaidi na kila mwaka. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limependekeza pia kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe, ambacho mwanamke aweza kujichukulia sampuli kwa mkono wake, faraghani. Kila kipimo hicho kipatikanapo, mwenye haya nyingi hana tena udhuru.

Ama binti zetu, wao wamepewa bahati ambayo sisi hatukuipata. Mwezi wa Aprili 2018, hapa Dar es Salaam, Bibi Samia Suluhu Hassan, ambaye wakati huo alikuwa Makamu wa Rais, alizindua chanjo ya kirusi hiki kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikatolewa kwa wasichana wa miaka 9 hata 14, kwa sindano moja tu badala ya mbili. Tena yafaa tujue kuwa sehemu ya ushahidi kuwa sindano moja yatosha ulitoka hapa hapa nchini, katika utafiti wa wasichana 930 wa Mwanza.

Baadhi ya wazazi huuliza, "Mtoto wangu hajaolewa, chanjo hii ni ya nini?" Jibu ni kwamba hufaa zaidi kabla mtu hajakutana na kirusi, kama vile ngome hujengwa kabla adui hajafika. Kumchanja binti hakumruhusu jambo lililoharamishwa, kama kumfundisha hukumu za janaba kabla ya ndoa hakukumruhusu. Wengine wamesikia kuwa chanjo hii yaondoa uzazi. Neno hilo halina ushahidi. Rwanda, jirani zetu, walianza kuwachanja wasichana wa nchi nzima mwaka 2011. Malaysia, nchi ya Waislamu wengi, ilianza mashuleni mwaka 2010. Wasichana wale wa kwanza leo ni wanawake wazima, na wengi wao ni mama. Chenye kuhatarisha uzazi ni saratani yenyewe, ambayo matibabu yake mara nyingi humwondolea mwanamke kizazi.

Nina neno pia kwa waume. Bwana mwema, mkeo aweza kukuficha jambo hili kwa kukuheshimu, au kwa kuogopa gharama, au kwa kuogopa utasema nini. Usingoje akuombe ruhusa. Mwambie wewe, "Nenda ukapimwe, nami nitabaki na watoto." Maneno hayo machache yaweza kumtoa njiani mwanamke ambaye darsa kumi hazikumtoa. Na wewe mwenye binti asomaye uuguzi au udaktari, mpe nafasi ya kusema nyumbani. Usimnyamazishe kwa kuwa ni mtoto mbele ya wakubwa. Ada ya chuo uliyomlipia ilikuwa ya elimu hiyo.

Na kwenu wanafunzi: msituletee majina magumu tu. Mjue kwanza kwamba mama yako ana elimu ya damu ambayo wewe huenda huna. Anza na hapo. Mwulize, "Mama, ile istihadha ilikuwa siku ngapi?" Utaona mlango umefunguka wenyewe. Kisha uende naye, nawe upimwe ikiwa umri wako umefika, maana watu humfuata atendaye.

Mji wetu unajua namna ya kupeleka habari kwa wanawake. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipotakiwa kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, na kwa miezi michache maelfu walijiandikisha. Leo tunavyo vikundi vya maulidi, vya kuzikana, vya kuweka na kukopa, na darsa katika kila mtaa. Kila kikundi kikichagua siku moja katika mwaka wakaenda pamoja, haya hugawanyika miongoni mwa wengi ikawa nyepesi.

Basi kwa ufupi, kila mwanamke ayashike mambo haya. Damu baada ya tendo la ndoa, damu kati ya hedhi na hedhi, damu iliyopita siku 15, na damu yoyote baada ya hedhi kukoma: tawadha, sali, na wiki hiyo hiyo nenda kwa daktari. Nyingi ya damu hizo husababishwa na mambo mepesi, lakini mjuzi ndiye wa kusema hivyo. Na ikiwa huna damu wala maumivu, na umefika miaka 30, nenda ukapimwe vilevile.

Katika darsa yetu, tangu mwaka ule, tunapofika mlango wa istihadha husoma hukumu zake kama walivyozipanga wanazuoni, kisha mwanafunzi mmoja wa uuguzi husimama akamalizia sehemu yake. Sasa mlango huo huchukua Alhamisi mbili, na hapana aliyelalamika kuwa ni mrefu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awaponye walio vitandani, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoijua haki na kuitenda. Amin.